Kipi Kitulie, Kipi Kitembee: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Ridhaa kuhusu Shata ya Taratibu

Mpiga picha wa ridhaa anaponiuliza aanzie wapi akitaka kujaribu mbinu za ubunifu, simwelekezi kununua lenzi mpya wala kutafuta programu ya kuhariri picha. Namshauri apunguze kasi ya shata, yaani pazia dogo la kamera linalofunguka kuingiza mwanga na kujifunga tena, kisha akae na kasi hiyo kwa muda mrefu kabla ya kuhamia jambo jingine. Kamera ikiachwa ijipangie mambo yenyewe hutafuta kasi itakayozuia mtikisiko, na matokeo yake ni kwamba wimbi, mcheza ngoma na bodaboda vyote hugandishwa kwa namna moja. Ukiichukua kazi hiyo mikononi mwako, unalazimika kujibu swali moja kila unapoinua kamera: katika picha hii, kipi kitulie na kipi kitembee? Mbinu ninazozieleza hapa ni majibu mbalimbali ya swali hilo, nami nimezifanyia mazoezi Dar es Salaam na pwani ya jirani kwa kamera ya kawaida kabisa.

Anza na kukifuata kwa kamera chombo kinachopita mbele yako. Bodaboda inayokwenda kilomita 30 kwa saa husogea takriban sentimita 28 katika muda wa 1/30 ya sekunde. Kwa 1/1000 husogea chini ya sentimita moja, na ndiyo maana picha ya kasi hiyo humwonyesha dereva aliyeketi juu ya pikipiki ambayo ungeapa kwamba imeegeshwa. Lakini ukipiga kwa 1/30 huku ukiigeuza kamera kwa mwendo uleule wa pikipiki, dereva hubaki akionekana vizuri, ilhali maduka na watu walio nyuma yake huvutika kuwa michirizi ya rangi.

Mbinu hii hutegemea miguu kuliko mikono. Elekeza nyayo zako kule chombo kitakakoishia, kisha geuza kiuno kuelekea kule kinakotokea, ili wakati wa kupiga mwili uwe unajikunjua badala ya kujikaza. Bana viwiko mbavuni, mpokee dereva angali mbali, mweke mahali palepale ndani ya fremu, bonyeza taratibu bila kusimamisha mzunguko, na uendelee kumfuata hata baada ya shata kujifunga. Wengi husimama ghafla mara wasikiapo mlio wa shata, na hapo ndipo picha inapoharibika. Anza kazi kwa 1/60, na mkono ukishazoea shuka hadi 1/30, halafu 1/15, ambapo picha nzuri zitakuwa chache lakini zile chache zitakuwa na uhai ambao huupati kwa kasi kubwa. Kama lenzi yako ina kituliza-mtikisiko, angalia iwapo ina mpangilio maalumu wa kufuata vitu, kwa kuwa ule wa kawaida unaweza kushindana na mzunguko wako.

Chagua pia mandhari ya nyuma kabla ya kumchagua dereva. Anga tupu au ukuta mweupe hauachi michirizi yoyote, hata ukiifuata pikipiki kwa ustadi mkubwa kiasi gani, kwa sababu hakuna alama ya kuvutika. Mimi husimama mahali penye maduka ya vitenge, mabango yaliyochorwa kwa mkono au safu ya matunda, upande wenye kivuli, na kwa umbali unaoniwezesha kutumia lenzi ndefu kidogo. Ukisogea karibu mno, chombo hubadili pembe yake mbele ya macho yako, na sehemu moja tu ndiyo itakayotulia.

Jua la mchana ndilo kikwazo cha kwanza ambacho mtu wa huku atakutana nacho. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba chini ya jua kali, ukiwa na tundu la lenzi la f/16 (namba ikizidi kuwa kubwa, tundu huwa dogo) na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata iwe karibu 1/100. Kwa kuwa kila hatua, iwe ya tundu au ya kasi, huongeza au hupunguza mwanga maradufu, kufika 1/30 kungehitaji tundu dogo kuliko f/22, na lenzi nyingi za kawaida hazifiki huko. Hata zikifika, matundu madogo sana hupunguza ukali wa picha na kuanika kila chembe ya vumbi iliyopo kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha. Suluhisho ni filta nyeusi ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Ile ya ND8 hupunguza mwanga kwa hatua tatu na yatosha kufuata pikipiki hata saa saba mchana; ya ND1000 hupunguza hatua kumi, hivyo 1/100 huwa takriban sekunde 10. Asiye na uwezo wa kununua filta asubiri mawingu, asubuhi na mapema, au jioni. Simu nyingi nazo humruhusu mtumiaji kupanga kasi ya shata mwenyewe, ingawa tundu la lenzi zake kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo mwenye simu ategemee kivuli na saa za mwanga hafifu.

Nawaomba hasa mjaribu shata ya taratibu katikati ya watu, kwa kuwa ndipo ilipoonyesha nguvu zake tangu mwanzo. Mwaka 1838, Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Bamba lake la kupokea picha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo magari ya farasi na wapita njia hawakuacha alama, na barabara ikatoka tupu. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama akipigwa viatu brashi. Fikiria maana yake kwa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Ukipiga kwa nusu sekunde hadi sekunde moja, umati hugeuka mkondo wa mashati, mabegi na mizigo ya kichwani, na mchuuzi aliyesimama mbele ya bidhaa zake hubaki peke yake akiwa wazi, macho, mikono na hata tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Mwanga wa alasiri ukiwa bado mkali, filta ya ND64, ambayo ni ya hatua sita, hukufikisha hapo.

Picha ya namna hiyo haipatikani bila ridhaa ya anayepigwa. Mwendee, msalimie, mweleze unachotaka kufanya, kisha sema, "Mama, naomba utulie hivyo hivyo kidogo, hao wanaopita watatoka kama upepo." Ukimwonyesha ya kwanza kwenye kioo cha kamera, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayependekeza ya pili. Stendi ya miguu mitatu katika msongamano ule ni kero kwa wengine, nami hutumia kifuko kidogo cha kitambaa kilichojazwa maharage, ambacho hukaa juu ya kreti, ukingo wa ukuta au meza ya muuzaji na kuishika kamera imara. Tumia kipima-muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera.

Baharini mambo ni tofauti, kwa sababu kinachotembea ni kikubwa na hakichoki. Mafunzo mengi yanayosambaa mtandaoni humhimiza mtu aache shata wazi kwa sekunde 30 au zaidi mpaka maji yawe ukungu. Nimejaribu na sikubaliani nayo kwa pwani yetu. Kwa sekunde 30, bahari ya Bagamoyo hufanana na bahari nyingine yoyote duniani. Kwa robo hadi nusu sekunde, wimbi linaporudi hukokota povu juu ya mchanga na kuacha nyuzi nyeupe zinazoonyesha lilikopita, na kila wimbi huwa na nyuzi zake. Shata ifunguliwe wakati maji yanaporudi, maana yanapokuja hutoa wingu tu la povu.

Fahamu pia kupwa na kujaa. Kati ya maji kujaa na kupwa hupita takriban saa sita, na nyakati za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ni kubwa zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Ngalawa inayoelea hutikisika na kuharibu picha ya sekunde kadhaa. Ile iliyokwisha kukalia mchanga, huku mawimbi madogo bado yakiifikia, hutulia pamoja na matengo yake yote wakati maji yanaizunguka. Muulize mvuvi ni saa ngapi chombo kitakalia mchanga. Atakujibu kwa uhakika kuliko programu ya simu. Zingatia vilevile kwamba magharibi ya huku ni mafupi. Jua likizama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanga unaofaa hudumu dakika ishirini na kitu tu, kwa hiyo stendi iwe imezamishwa mchangani na filta imefungwa kabla ya hapo. Ukirudi nyumbani, futa stendi na kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi ya bahari hula vyuma.

Kuitikisa kamera kwa makusudi nako kuna kanuni moja: fuata mstari uliokwishakuwepo. Katikati ya minazi, ivute kamera kutoka chini kwenda juu kwa robo sekunde. Mbele ya upeo wa bahari, ivute kwa ulalo. Kwenye harusi, wakati wa kucheza, changanya 1/15 na flashi iliyopangwa kuwaka mwishoni mwa shata, ili michirizi ya mwanga imfuate mchezaji kwa nyuma na uso wake uonekane wazi. Gizani unaweza kuchora kwa tochi, kama mchoraji Pablo Picasso alivyofanya mbele ya kamera ya mpiga picha Gjon Mili huko Vallauris, Ufaransa, mwaka 1949. Kwa nyota, usihangaike kutafuta ile miduara ambayo nyota huichora kuizunguka Nyota ya Kaskazini shata ikiachwa wazi kwa muda mrefu. Kutoka Dar es Salaam nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota za upande huo huizunguka, iko chini sana, nyuzi 7 hivi juu ya upeo. Geukia mashariki, ambako nyota hupanda karibu wima, na utapata michirizi iliyosimama ambayo mpiga picha wa Ulaya hawezi kuipata kwao.

Mtu atakwambia kwamba picha zako zimetikisika. Katika miaka ya 1950, mpiga picha Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, alipiga mchezo wa kupigana na fahali nchini Hispania kwa shata ya taratibu na filamu ya rangi, na vazi la mpiganaji na mgongo wa fahali vikayeyuka kuwa mkondo mmoja. Ukizitazama picha hizo, unajua kwa yakini kipi alitaka kitembee. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa picha zangu na kwa zile ninazoombwa kuzitolea maoni: mtikisiko uliokusudiwa humwonyesha mtazamaji kitu, na ule usiokusudiwa humficha kitu.

Usifute picha yoyote ukiwa bado nje, kwa kuwa kioo kidogo cha kamera hudanganya. Zihamishie kwenye kompyuta, subiri hata siku inayofuata, kisha tenga zile zinazokuvuta na usome taarifa ambazo kamera imezihifadhi ndani ya kila faili. Utagundua kwamba nyingi kati yake zimekusanyika kwenye kasi moja au mbili. Ziandike, kisha rudi mahali palepale, saa ileile, ukapige kwa kasi hizo peke yake.