Kompyuta ya nyumbani: nianze na Linux ipi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nina laptopu ya miaka tisa hivi, RAM ni GB 4, tunaitumia nyumbani mimi na watoto, kazi zake ni intaneti, kuandika barua na kuangalia video basi. Ina Windows 10 na kila nikijaribu kuipandisha naambiwa haifai kwa Windows 11. Rafiki yangu kasema niweke Linux, ni bure, ila nikitafuta nakuta majina kibao, Ubuntu, Mint, Fedora, Debian, Zorin, Arch, na kila mtu anasifia yake. Komandi hata moja siijui. Nishike ipi, na je picha za familia zitapona?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwanza usiitupe hiyo mashine, ni nzima. Ni kwamba Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0 pamoja na prosesa za karibuni, kwa hiyo laptopu nyingi zinazofanya kazi vizuri tu zimeachwa njiani, na yako imo.

Hayo majina yasikutishe. Linux yenyewe ni kiini tu, yaani ile sehemu ya ndani inayoendesha vifaa vya kompyuta, aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na kwa kuwa kodi yake, yaani maandishi yanayounda programu, iko wazi mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kujenga juu yake, ndo maana matoleo yamezaliwa mengi. Yafikirie kama ukoo. Debian ni babu, yupo tangu 1993, Ubuntu ni mtoto wake, alikuja 2004, alafu Mint ni mjukuu, 2006. Ukimzoea mmoja hao wengine hawakupi shida.

Sasa kwa mashine yako na kwa ulivyojieleza, mimi nasema weka Linux Mint, na uchukue ile yenye Xfce maana ni nyepesi (Xfce na Cinnamon ni aina za dawati, yaani muonekano wa skrini na menyu zake). Cinnamon inapendeza zaidi lakini inakula RAM zaidi, na GB 4 ukifungua kurasa kumi za intaneti utaanza kuona inavuta miguu. Kilichonifanya niipende Mint kwa mtu anayeanza ni kwamba menyu iko pale pale mtu alipozoea, yaani kona ya chini kushoto, saa iko chini kulia, na programu unazitafuta sehemu moja unabonyeza zinajiweka, hakuna kuzunguka kwenye tovuti za ajabu ajabu. Ubuntu nayo ni nzuri, na jina lake ni utu huu huu wetu, ila mpangilio wake ni wa tofauti na unataka mashine yenye nguvu kidogo. Zorin imetengenezwa ifanane na Windows, ni chaguo zuri la pili. Arch iache kwanza.

Lakini usinisikilize mimi tu, isikilize laptopu yako. Hili ndo jambo ambalo watu wengi wanaliruka alafu wanakuja kulalamika. Linux unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana maana itafutwa yote, pakua faili la Mint kwenye tovuti yao wenyewe, ni kama GB 3 hivi, alafu uliandike kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, usilikopi tu kama wimbo, haitawaka. Zima laptopu, chomeka, washa huku unagonga F12 (nyingine ni F2 au Esc) mpaka itokee orodha ya pa kuanzia, chagua flashi. Baada ya muda kidogo utaona dawati la Mint limefunguka na kuna ikoni ya kuiweka kwenye diski, hiyo usiiguse bado. Kaa nayo jioni nzima. Unganisha waifai, cheza video usikie sauti, punguza mwanga kwa batani za juu, funika laptopu uifunue uone kama inaamka, fungua kamera, toa karatasi kwenye printa. Ikienda polepole isikukatishe tamaa, inasoma kutoka kwenye flashi. Waifai ikigoma unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, alafu fungua sehemu ya draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama waifai) uangalie kama ipo ya kwako.

Kuhusu picha, hapa nakuomba sana. Zikopi kwenye diski ya nje kabla ya kitu chochote, na usiishie kuona zimekopiwa, chomeka hiyo diski kwenye kompyuta nyingine ufungue chache kwa macho yako. Wakati wa kuweka Mint utaulizwa ufute diski yote au uiweke pembeni ya Windows, na ukibonyeza kufuta basi imefutika, hamna kurudi nyuma.

Barua utaandikia LibreOffice, inakuja nayo, inafungua faili za Word ila jedwali zenye mambo mengi zinaweza kuhama kidogo. Microsoft Office ya kuweka kwenye mashine na Photoshop hazina toleo la Linux, na baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu hazitakubali. Kama watoto wanaishi kwa gemu moja, uliza kuhusu hiyo gemu kwanza.

SWALI: Kama ni bure, wanakula wapi? Naogopa wanachukua data zetu.

JIBU: Swali zuri. Mint inaendeshwa kwa michango ya watumiaji na wadhamini, Canonical wenye Ubuntu wanauzia makampuni huduma, na kiini cha Linux kinaandikwa pia na wafanyakazi wanaolipwa na makampuni makubwa yanayokitegemea kwenye seva zao. Na kodi iko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuifungua akasoma inafanya nini. Wewe cha kuangalia ni faili ulilipakua wapi, chukua kwa wenyewe tu, usipokee flashi iliyoandaliwa na mtu usiyemjua.