Vikombe vya muuza kahawa

Ndugu yetu ameuliza kwa nini wasomaji wake humwona mhusika mkuu kuwa "mtu mzuri tu", kisha wakamsahau, ilhali yeye amempa kila sifa njema. Yalinikuta hayo hayo, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia.

Hadithi yangu ilimhusu mzee muuza kahawa wa Mji wa Kale, hapa Mombasa. Nilimpamba kwa upole, ukarimu, ucha Mungu na subira, kisha nikamsomea bibi yangu, ambaye alikuwa akisuka ukili barazani bila kuinua macho. Nilipomaliza akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu mzee wako hataki kitu. Asiyetaka kitu tumsikilize kwa lipi?" Niliudhika, na karatasi zile sikuzigusa karibu mwezi mzima.

Shuleni tulikaririshwa kwamba wahusika ni bapa, yaani waliojengwa kwa sifa moja tu, au duara, na wengi wetu tulitoka pale tukidhani kwamba duara ni yule mwenye sifa nyingi. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza aliyeueneza mgawanyo huo kwa mihadhara yake ya mwaka 1927 huko Cambridge, alitumia kipimo kingine kabisa: je, mhusika anaweza kutushangaza, nasi tukamwamini? (Bapa nao wana kazi yao, hasa katika vichekesho.) Orodha ya sifa haimfikishi mtu hapo, kwa sababu mshangao wa aina hiyo hutokana na haja iliyogongana na jambo jingine lenye nguvu, kama vile aibu, deni au kiapo.

Basi nikamrudia mzee wangu. Muuza kahawa hutembea na dele, yaani birika la kahawa, lenye makaa chini yake, na kwa mkono mwingine hugonganisha vikombe vidogo ili asikike kabla hajafika. Nikaandika kwamba kila jioni, akikaribia mlango mmoja wa nakshi, mzee huyu huvifumbata vikombe kiganjani na kupita kimya, na akishakata kona ndipo huanza kuvigonga tena. Sikueleza sababu. Kurasa kadhaa mbele msomaji hujua kwamba mle ndani anakaa nduguye, ambaye hawajasemezana tangu ugomvi wa mirathi, na kwamba mzee anatamani sana kuitwa, ila kuomba radhi hataki. Neno "mpole" nililifuta, maana sasa lilikuwa uongo.

Kwa hiyo namshauri mwenzetu aziweke kando zile sifa, ajiulize mhusika wake anataka nini leo, kabla ya magharibi, na ni kitu gani anachokifumbata ili kisisikike. Usemi, mavazi na umri vitafuata vyenyewe.

Niliporudi kumsomea bibi, nilifika pale mzee aliposimama jioni moja mbele ya ule mlango na kugonga vikombe mara tatu. Ukili ukatulia mikononi mwake. "Akafunguliwa?" akauliza, nami nilikuwa bado sijaandika.