Niandikie wapi, nyumba imejaa watu?

MEZA YA MWANDISHI
Maswali ya wasomaji na majibu ya Mwalimu

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafundisha shule ya msingi hapa Mbeya. Tumepanga vyumba viwili Mwanjelwa, nyumba moja na wapangaji wengine. Mwaka jana nilianza kuandika riwaya kwenye daftari, imefika sura ya tano ikakwama. Nikitoka shuleni kuna kupika, kuna madaftari ya kusahihisha, wifi yangu anaishi nasi, na jirani ana sabufa ambayo akiiwasha vikombe vinalia kabatini. Mume wangu ni mtu mwema, lakini akiniona nimekaa na daftari langu anadhani nimepumzika, basi ananituma. Nawaza nikodi chumba pembeni, au nisubiri likizo ya Juni nikamalizie kwa mama yangu Tukuyu. Natamani kuupeleka mswada kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nishauri, mzazi wangu. — Mama wawili, Mwanjelwa*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma hapa Kihesa, Iringa, mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, nikipigia mstari kila kinachokuzuia. Sabufa imepata mstari mmoja. Watoto, wifi, chungu jikoni, madaftari ya shule na baba watoto, kila mmoja kapata wake. Sasa angalia: katika orodha hiyo yote, sabufa peke yake ndiyo isiyokuhitaji wewe.

Wengi wanaoniandikia wanatafuta ukimya. Ukimya kamili hauna kwao, hata huku kwetu milimani. Unachokihitaji ni mahali ambapo kwa saa moja hakuna mtu mwenye haki ya kukuita. Malori ya Tunduma yanaweza kuunguruma barabara kuu usiku kucha na sura ikaandikika, kwa sababu dereva hakujui. Lakini mtoto akisimama mlangoni akauliza, "Mama, soksi yangu iko wapi?", hata akinong'ona, anakutoa ndani ya hadithi mzimamzima. Utamjibu neno moja, kisha utakaa kitako ukitafuta yule mhusika wako alikuwa anataka kumwambia nini mama mkwe wake.

Kwa hiyo mahali pa kuandikia pachague kwa kuuliza swali hili: nikikaa hapa, ni nani atakayekuja kuniomba kitu?

Tuanze na Tukuyu. Nimefundisha Rungwe, nyumba za kule nazijua na watu wake nawapenda mno. Ukifika kwa mama yako mwezi Juni, kesho yake asubuhi mtaa mzima umeshajua kwamba mwalimu amekuja. Watapita mmoja mmoja na salamu ya Kinyakyusa, ugonile, ugonile, na kila mmoja ni lazima umtokee. Ukijifungia chumbani, mama ataulizwa kama unaumwa. Halafu kuna ndizi za kumenya, shangazi wa kumtembelea, na Mungu apishie mbali, msiba. Kule wewe ni binti wa mtu, na binti ana kazi zake hata kama mswada umefika patamu. Nenda, lakini usiende kumalizia riwaya. Chukua zile sura tano na kalamu nyekundu, uzisome barazani ukungu ukiwa umetanda. Kazi ya kusoma na kusahihisha huvumilia kukatishwa, maana kila utakaporudi sentensi utaikuta palepale ulipoiacha. Ile ya kubuni haivumilii.

Kukodi chumba ni wazo lenye watu wakubwa nyuma yake. Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, alikuwa akikodi chumba cha hoteli katika mji uleule aliokuwa akiishi, akaomba picha zote ziondolewe ukutani, akawa anakwenda asubuhi na mapema na kurudi kwake mchana. Ukitazama vizuri utaona hakuwa amekimbia kelele tu. Mle ndani hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu, na hapakuwa na kitu cha kupangusa wala cha kupika. Lakini yeye alikuwa na kipato cha vitabu. Wewe una kodi ya vyumba viwili tayari, na ukiongeza cha tatu, kila siku utakayoshindwa kwenda utakuwa unahesabu hela badala ya kurasa. Nakuomba usikodi.

Na hasa usikodi kwa sababu chumba unacho. Una shule.

Watoto wakishatawanyika alasiri, darasa linabaki tupu mpaka asubuhi. Zungumza na mwalimu mkuu umweleze ukweli, kwamba unaandika riwaya na unaomba darasa moja kwa saa moja, siku mbili kwa wiki. Mweleze na mlinzi, asije akakufungia. Usikae ofisi ya walimu hata kidogo; pale mazungumzo ya mikopo na uhamisho hayaishi, na wewe utaombwa maoni. Chagua darasa la mwisho, lililo mbali na ofisi na mbali na bomba la maji. Kaa dawati la nyuma, uso ukutani, ubao uwe mgongoni kwako. Mwalimu akiukabili ubao mkono wake unatafuta chaki, nakwambia. Kama kuna dirisha la magharibi likae upande wako wa kushoto, jua la jioni liangukie karatasi bila kivuli cha mkono, ikiwa unaandikia wa kulia. Beba kitenge cha miguuni, kwa sababu Mbeya Juni na Julai saa kumi na moja sakafu ya saruji imeshapoa na baridi inapandia magotini.

Simu usiende nayo mezani. Ikiwezekana mwachie wifi yako, umwambie likitokea la dharura kuhusu watoto atume mtu shuleni. Grupu la shule, la kikoba na la ukoo, yote yamo ndani ya kile kisimu, na ukikiweka karibu na daftari umewaita wote darasani.

Jumamosi, siku ambayo shule imefungwa, kuna Maktaba ya Mkoa palepale mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ulizia saa zao na ada mezani kabla ya kupanga ratiba. Mitihani ikikaribia wanafunzi huijaza, lakini wanafunzi wale hawakujui, na kila mmoja kainamia lake. Mimi hapa Iringa maktaba imenisaidia sana, tangu nikiwa bado kazini, kwa jambo moja tu: hakuna anayekuja kuazima chumvi.

Sasa baba watoto. Hili nalisema kwa upole kwa sababu umesema ni mtu mwema, nami nimekuamini. Kwetu huku mtu akishika jembe anaonekana anafanya kazi. Akishika kalamu nje ya ofisi anaonekana amekaa. Hawezi kuilinda saa ambayo hajaambiwa kuwa ipo. Mwambie siku na muda: "Jumanne na Alhamisi nitarudi saa kumi na mbili, naandika kitabu changu." Usiseme "nikipata nafasi", maana nafasi ya namna hiyo hugawiwa kwa wengine kabla hujaifikia. Wifi yako apokee jiko siku hizo mbili, na wewe umpokee siku nyingine anayoitaka yeye. Kisha, usiku mmoja watoto wakishalala, msomee mumeo sura ya kwanza kwa sauti. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mbao, huko Mafinga, wala hakuwa msomaji wa hadithi. Siku niliyomsomea kurasa chache alinyamaza, halafu akaniuliza yule msichana alifika au hakufika. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watoto, "Mama yenu anaandika, njooni kwangu." Sikuwahi kumwomba.

Ukiamua kuandika alfajiri nyumbani, saa kumi wenzako wamelala, ni wakati mzuri, nami naupenda. Ila nakusihi kitu kimoja, na hapa sina utani wowote: usiingize jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto ukafunga dirisha. Moshi wenyewe hauonekani, lakini mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu waliolala. Chukua blanketi, soksi nzito na chupa ya chai.

Sabufa sasa, nisiiache. Nyumba nyingi za kupanga kuta za ndani huishia kwenye dari, haziendi mpaka kwenye bati, kwa hiyo kule juu ni uwazi mmoja wa wapangaji wote, na sauti hupita humo. Ziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu na utundike blanketi ukutani upande wa jirani. Utapunguza kelele za maneno na vyombo. Besi haizuiliki kwa nguo, inapita ukutani wala pamba masikioni haiizuii. Dawa yake ni kumwendea jirani mchana, muziki ukiwa umezimwa na yeye akiwa ametulia, umwombe muda maalumu. Ukimwendea wakati imewashwa atasikia ugomvi.

Kuhusu Tuzo: hutolewa Aprili 13, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere, tangu zile za kwanza za 2023, na miswada hupokelewa miezi kadhaa kabla ili majaji wapate kusoma. Fuatilia matangazo ya Taasisi ya Elimu Tanzania ujue tarehe ya mwisho ya mwaka huu. Saa mbili kwa wiki, ukiandika ukurasa mmoja na nusu kila saa, zinakupa kurasa zaidi ya mia moja na hamsini kwa mwaka. Hiyo ni riwaya. Usisubiri Juni. Nenda ukaongee na mwalimu mkuu wiki hii.

*Mwalimu, niko kidato cha tano Njombe, likizoni naandika hadithi fupi kwenye simu kwa sababu nyumbani tunalala watano chumba kimoja na taa inazimwa mapema. Ni vibaya kuandikia simu? — Kijana, Njombe*

Si vibaya hata kidogo. Washa hali ya ndege kabla ya kufungua hadithi, punguza mwanga wa kioo, jifunike blanketi ya Njombe hiyo uandike. Asubuhi jitumie nakala kwa barua pepe, maana simu huibwa na huanguka majini. Ila mazungumzo ya wahusika yaandike mchana, mahali unapoweza kuyatamka kwa sauti. Shamba la mahindi linafaa.

*Mwalimu mwenzangu, nimestaafu, nina nyumba kubwa kimya hapa Iringa na bado siandiki. Napanda jiwe la Gangilonga kutafuta utulivu, nakaa, narudi na karatasi nyeupe. — Mstaafu, Iringa*

Mwenzangu, pole. Wewe umepata alichokikosa yule mama wa Mwanjelwa, kwa hiyo sitakutafutia mahali pengine. Gangilonga pazuri kwa macho, lakini upepo unapeperusha karatasi, na jioni watu hupanda kutazama jua likizama na watakusalimia. Panda na kijitabu kidogo cha mfukoni na penseli, uandike unachokiona mbele yako tu: bati la nani linang'aa, moshi unaelekea wapi, nani anapanda njia ya chini na amebeba nini. Kesho asubuhi, kabla ya redio, mpe huyo mbeba mzigo jina na sababu ya safari. Ukurasa wa kwanza uniletee mwenyewe Kihesa, nitausoma ukiwa umekaa hapo.