Peugeot 504 ya marehemu mzee au X-Trail: jibu kutoka Malindi

Ndugu yangu, umeuliza kama uiuze Peugeot 504 aliyokuachia marehemu baba yako ili uongezee fedha na kununua Nissan X-Trail. Mimi ninayo magari hayo yote mawili hapa Malindi, na ushauri wangu ni huu: nunua X-Trail kwa ajili ya watoto, lakini Peugeot usiiuze kabla hujaikagua sakafu yake.

Katika usalama hapana ubishi. 504 ilitoka mwaka 1968, ikawa gari madhubuti kwa zama zake, na ndiyo aliyoshindia Ove Andersson mashindano ya Safari Rally mwaka 1975. Hata hivyo, haina mifuko ya hewa, na ukikanyaga breki kwa nguvu zote kwenye lami yenye maji, magurudumu hujifunga na gari likateleza lilikoelekea, usukani usifae kitu. X-Trail, ambayo breki zake huzuia magurudumu yasijifunge, hukuwezesha kukanyaga vivyo hivyo na bado ukalikwepa lori lililosimama ghafla mbele yako. Kwa anayesafiri na familia kwenda Mombasa, hilo pekee linatosha.

Injini zote mbili ni za takriban lita 2, ila ya Peugeot haifikishi nguvu za farasi 100 ilhali ya X-Trail ina 147, na tofauti hiyo utaijua unapolipita basi. Kwenye njia za vumbi za upande wa Marafa, naipenda 504 zaidi, kwa kuwa springi zake laini humeza mashimo ambayo X-Trail huyafikisha mgongoni.

Matengenezo nayo yana hesabu yake. Fundi wangu huifungua kabureta ya Peugeot, akazipuliza jeti (vitundu vyake vya kupitishia petroli), akairudisha, na gari likawaka kabla ya adhuhuri. X-Trail ikiwasha taa ya injini, lazima kwanza apatikane mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake. Gia zake za otomatiki, zinazotumia mkanda wa chuma, zina mafuta yake maalumu. Usimkubalie fundi yeyote anayekwambia kuwa mafuta ya gia yote ni mamoja.

Sasa kutu, ambayo kwetu sisi wa pwani ndiyo yenye uamuzi. 504 haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo rangi inayong'aa isikudanganye. Inua mazulia, ingia uvunguni na bisibisi, udungedunge kingo za chini ya milango na mahali zinaposhikia springi za nyuma. Chuma kikiwa kigumu, ibakize, na uioshe uvungu kwa maji matamu kila urudipo kutoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Bisibisi ikizama karibu na springi hizo, gharama ya kuchomelea itaishinda thamani ya gari. Hapo iuze kwa vipuri, na uanze na milango na vioo, maana vikiwa vizima havikosi mnunuzi.