Ranger iliyonoki baada ya kumwaga oili: je, Ford ni ugonjwa wa kuzaliwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilinunua Ford Ranger 3.2 ya mwaka 2014 mkononi mwa mtu, ikiwa na kilomita 168,000. Ilipofika sevisi nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Alimwaga oili jioni akaacha ichuruzike usiku kucha ili uchafu wote utoke, asubuhi akaweka oili mpya na filta mpya. Alipowasha, taa ya oili ilikaa muda kabla ya kuzima. Akasema ni kawaida. Wiki tatu baadaye injini ikanoki, yaani ikaanza kugonga kwa ndani, nikipandisha mlima wa Kitonga. Sasa ananiambia Ford ni ugonjwa wa kuzaliwa, hata Marekani zilikotoka watu wanazikimbia, na dawa yake ni kung'oa injini niweke 1KZ ya Toyota. Je, kampuni hii kweli ina historia mbaya kiasi hicho? Niweke injini hiyo au niuze gari lilivyo? Msomaji, Iringa.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Nilipofika kwenye maneno "usiku kucha" nilijua kilichoiua injini yako, na Marekani haihusiki.

Pampu ya oili ya hizi dizeli za 2.2 na 3.2 haifanani na ile ya gia mbili ambayo mafundi wengi tumekua nayo. Ndani ina mabapa membamba yanayoteleza kwenye duara, na hujipunguza au kujiongeza yenyewe kufuatana na presha inayotakiwa. Aliyewahi kuchota maji kwa pampu ya mkono anajua kwamba ikikauka lazima uimwagie maji kidogo kwanza ndipo ivute, la sivyo utapampu hewa mpaka mikono ichoke. Hii nayo ni vivyo hivyo. Ikiachwa ikakauka, injini ikiwashwa inazungusha hewa, na oili uliyoweka inabaki imetulia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana maelekezo ya Ford kwa injini hizi yanasema ukishafungua nati ya sampu usipitishe dakika 10 kabla ya kuirudisha na kuanza kujaza. Dakika 10. Fundi wako aliiacha wazi tangu jioni hadi asubuhi.

Na ile taa haikuwa ya kawaida. Taa ya oili ikikaa zaidi ya sekunde chache, injini inazimwa hapo hapo, hakuna kusubiri. Wakati nyinyi mmesimama mnaiangalia, kranki, yaani shafti kuu ya injini, ilikuwa inazunguka chuma kwa chuma ndani ya beringi. Injini haifi siku hiyo. Beringi zinakwanguka, zinaendelea kulika taratibu kwenye tambarare, hadi siku unapoipa mzigo wa kweli. Kitonga ni mzigo wa kweli.

Mwezi uliopita nililetewa nyingine kwa brekdauni, kisa hicho hicho. Tuliposhusha sampu, chini ya oili kulikuwa na unga unaometameta kama rangi ya kucha ya binti. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu ilikuwa imekwisha ile ngozi yake ya fedha, shaba ipo nje, na ukipitisha ukucha kwenye kranki unakwama kwenye michirizi. Kijana aliyemwaga oili alikuja kushuhudia. Ni kijana mwenye bidii, na alinieleza bila kuficha kwamba alitega beseni chini ya gari tangu saa kumi na mbili jioni, akarudi asubuhi. Alikuwa anaamini amemtendea mteja wema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kitu chochote katika kazi hii: wema uliofanywa kwa mazoea ya injini nyingine, halafu lawama anatupiwa mtengenezaji.

Sasa kuhusu "ugonjwa wa kuzaliwa". Ranger yako ni ya toleo lililotoka mwaka 2011, kazi ya kulibuni ikiongozwa na Ford ya Australia. Za soko la Afrika ziliunganishwa Silverton, Pretoria, na kiwanda cha injini kiko Port Elizabeth, mji ambao siku hizi unaitwa Gqeberha. Wamarekani walianza kuuziwa umbo hili la Ranger kwa toleo la 2019, tena likiwa na injini ya petroli. Ranger ya dizeli 3.2 haijawahi kuuzwa kwao. Basi mtu akikwambia Wamarekani wanaikimbia gari hii, muulize waliipata wapi.

Ukitaka historia yenyewe, ianzie kwa Henry Ford, mtoto wa mkulima wa Michigan. Kabla ya kufanikiwa aliondoka kwenye kampuni mbili. Ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa Cadillac. Hii tunayoijua aliianzisha Juni 1903. Gari lililompa jina ni Model T, la Oktoba 1908, na lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za shamba: limenyanyuka juu, chuma chake kimechanganywa madini ya vanadi ili kiwe kigumu bila kuwa kizito, na mkulima aliweza kulifungua mwenyewe kwa spana chache. Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, walianza kuburuta chasisi kwenye mstari huku kila mfanyakazi akifunga kitu kimoja tu. Kuunganisha chasisi kulikuwa kukichukua zaidi ya saa 12; kukashuka hadi dakika 93. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya ule wa awali, kwa sababu watu walikuwa wakiikimbia kazi ile ya kufunga nati moja kutwa. Bei ya gari iliyokuwa dola 850 mwanzoni ilifika 260 katikati ya miaka ya 1920. Hadi linasimamishwa mwaka 1927 yalikuwa yametoka magari milioni 15.

Kuna jambo moja kuhusu Model T ambalo natamani kila fundi anayemwaga oili usiku kucha alijue. Gari lile halikuwa na pampu ya oili kabisa. Gurudumu la injini lilirusha oili juu, nyingine ikaingia kwenye bomba jembamba na kushuka mbele kwa uzito wake. Hakukuwa hata na stiki ya kupimia. Kulikuwa na vibomba viwili chini ya injini, kimoja juu ya kingine. Unalala chini ya gari, unafungua cha juu, oili ikitoka inatosha. Petroli nayo ilishuka yenyewe kutoka tangi lililo chini ya kiti, hivyo kwenye mlima mkali, tangi likiwa karibu tupu, watu walipanda kwa rivasi ili petroli ifike mbele. Gari hilo ungeweza kulimwaga oili ukaenda kulala. Kuanzia hapo hadi pampu ya Ranger yako kuna zaidi ya miaka 100, na fundi asiyefungua kitabu anayashika yote mawili kwa mkono ule ule.

Siitetei kampuni. Ford wana makosa yao na ni makubwa. Pinto ya miaka ya 1970 tangi lake la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli, likigongwa kwa nyuma linaweza kupasuka na kushika moto. Watu walikufa, na mwaka 1978 wakalazimika kurudisha magari milioni 1.5. Mwaka 2000 ikaja balaa ya Explorer na matairi ya Firestone yaliyobanduka ngozi barabarani gari likapinduka. Matairi milioni 6.5 yakaitwa yarudi, na waliokufa Marekani walizidi 200. Kampuni mbili zikaanza kurushiana lawama, moja ikisema tairi, nyingine ikisema gari na upepo mdogo ambao Ford waliuelekeza, wa psi 26. Kisha giaboksi ya PowerShift, ya klachi mbili kavu, kwenye Focus na Fiesta: inatetemeka kama gari linaloendeshwa na mwanafunzi. Mahakama ya Australia iliitoza Ford ya huko dola za nchi hiyo milioni 10 mwaka 2018 kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamika. Na Januari 2017 Afrika Kusini zilirudishwa Kuga 4,556 za petroli 1.6, kwa sababu injini ilipochemka silinda hedi ilipasuka, oili ikavujia kwenye moto.

Nimekutajia hizo ili uone namna ugonjwa wa gari unavyotajwa na watu wanaojua kazi: gari lipi, mwaka gani, kifaa kipi, kilishindwa vipi. Wamarekani wenyewe wamezichezea herufi nne za jina hilo wakazipa maana ya "limekutwa barabarani limekufa", na bado tangu 1977 pikapu inayouzwa kuliko zote nchini mwao ni F-Series ya Ford. Utani hautengenezi gari. Ukimwuliza fundi wako kifaa gani cha 3.2 kina udhaifu, akajibu "Ford ndivyo zilivyo", hajajibu. Mimi nitakujibu: angalia kipoza cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Kikitoboka kwa ndani, kulanti, maji ya kupozea injini, inapungua bila kuonekana pa kuvujia, na usipoziba mapema utabadilisha silinda hedi. Huo ni udhaifu halisi, unapimika, unatibika.

Wale wanaosema Ford haziwezi barabara zetu, wazee wao wawaulize habari za Safari Rally. Cortina GT ilishinda mwaka 1964. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliishinda wakiwa na Escort, na hao ndio madereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kulitwaa taji lile. Mwaka 1977 Escort ikashinda tena, mikononi mwa Björn Waldegård. Ni vumbi na tope hili hili.

Kuhusu 1KZ: usithubutu. Injini yenyewe ni nzuri, ndani ya gari lake. Kwenye Ranger yako kompyuta ya injini inazungumza muda wote na breki, giaboksi, dashibodi na mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Ukiing'oa, vyote hivyo vinauliza swali na hapana wa kujibu. Utaletewa gari linalowaka, lenye taa sita kwenye dashibodi, mwendo haupimwi sawasawa, na atakayekuja kununua atakukata bei ya mkweche. Tena namba ya injini kwenye kadi haitalingana na iliyomo. Waliobadilishiwa hivyo wamepita kwangu wengi, na kila mmoja alishalipa mara mbili.

Shusha sampu kwanza, kranki ipimwe na mtu mwenye maikromita, siyo kwa macho. Michirizi ikiwa midogo, itasagwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata. Ikiwa imeharibika sana, tafuta injini nyingine ya 3.2; Mazda BT-50 ya miaka hiyo inatumia hiyo hiyo, kwa hiyo usiangalie nembo ya Ford peke yake. Kwa vyovyote vile, pampu ya oili ibadilishwe, na kipoza cha oili kisioshwe bali kitupwe, maana unga wa chuma hujificha humo ukaja kuua injini ya pili. Tabo nayo ikaguliwe. Inalainishwa na oili ile ile. Na siku ya kujaza, weka karibu lita 10 za 5W-30 yenye namba ya kiwango cha Ford, WSS-M2C913-D, kwenye kopo. Usikubali oili nzito "kwa sababu ya joto letu".

Hilo la oili nzito linanikumbusha mengine, kwa sababu Ranger yako ni mmoja tu kati ya wagonjwa wengi wa mkono huo huo. Kuna wanaong'oa themostati kila gari likichemka, wakati themostati ndiyo inayoilinda injini isifanye kazi ikiwa baridi, na kilichochemsha bado kimo. Kuna wanaojaza rejeta maji ya bomba, baada ya mwaka mmoja alumini ya ndani imeoza kama jino. Kuna wanaoziba EGR kwa kipande cha bati na kumwambia mteja gari "limefunguka". Kuna wanaofuta kosa kwenye kompyuta kwa mashine ya kupimia na kuita hiyo matengenezo. Taa inazima, ugonjwa unabaki. Haya wanafanyiwa wenye Toyota, wenye Nissan na wenye Isuzu kila siku. Tofauti ni kwamba gari lililozoeleka likifa watu wanasema limezeeka, na gari lisilozoeleka likifa watu wanasema ndivyo lilivyo. Fundi anayekwambia hivyo kabla hajafungua hata nati moja, mlipe nauli yake aondoke.

Kuuza lilivyo usiuze, utatupa. Lakini leo hii, kabla ya yote, rudi kwa huyo fundi uulize kama filta aliyoifunga siku ile bado imo kwenye gari. Iache humo isiguswe mpaka ifike kwa atakayeshusha sampu. Aikate, aikunjue ile karatasi ya ndani juani. Ikiwa na chembe za shaba, beringi zimekwisha hadi ndani. Ikiwa ni nyeusi tu bila chuma, nipigie kabla hajagusa kingine, maana huenda unachosikia kinatoka kwenye nozeli zinazopulizia dizeli.