Kura ya mgomo imepita. Nijiondoe kwenye muhula?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Niko mwaka wa pili, diploma ya uuguzi. Wahadhiri wetu wamepiga kura na karibu wote wamekubali kugoma. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema muhula umeshakufa. Kuna mtu anayetoza pesa ili akushughulikie taratibu zote za kujiondoa na kurudishiwa ada kabla mgomo haujaanza. Wenzangu wanne wameshamlipa. Je, nami nijiondoe mapema?

JIBU: Usijiondoe, na huyo mtu usimpe hata senti. Nitamrudia.

Kura ya mgomo si mgomo. Kila majadiliano ya mishahara yakikwama swali hili linaletwa upya, na kila mara kuna wanafunzi waliokwishafunga mabegi kwa sababu ya kura tu. Kura hiyo inaipa kamati ya majadiliano ya chama ruhusa ya kuitisha mgomo ikibidi. Ni fimbo iliyowekwa mezani ili mwajiri aione, na kadiri waliokubali wanavyokuwa wengi ndivyo fimbo inavyoonekana nene. Baada yake kwa kawaida huja msuluhishi, halafu ilani ya maandishi yenye tarehe, ndipo mgomo wenyewe, na katika hatua yoyote kati ya hizo pande mbili zinaweza kuelewana. Katika vyuo vya umma vya jimbo la Ontario, Kanada, wahadhiri walipiga kura ya kugoma Oktoba 2024. Ilani ikatolewa kwamba mgomo ungeanza tarehe 9 Januari 2025. Tarehe 8 pande zote zikakubali mgogoro upelekwe kwa msuluhishi mwenye mamlaka ya kuamua, na mgomo haukufanyika. Aliyejiondoa Novemba kwa kuogopa mgomo alikimbia kivuli.

Kwa hiyo ukitaka kujua mmefika wapi, achana na asilimia za kura. Tafuta kitu kimoja: je, ilani rasmi yenye tarehe ya kuanza imetolewa? Kama haijatolewa, una mtihani wa kujiandaa nao.

Tuseme imetolewa na mgomo umeanza. Uliza ni wa aina gani, kwa sababu madhara hayafanani. Wahadhiri wanaweza kuacha kazi kabisa. Wanaweza pia kufundisha lakini wakakataa kila kisichoandikwa kwenye mkataba, kwa mfano kujibu barua pepe usiku au kusimamia vikao vya ziada. Aina ya tatu ni kususia usahihishaji, kama ilivyokuwa katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza kuanzia Aprili hadi Septemba 2023: madarasa yaliendelea, lakini baadhi ya waliomaliza walifika siku ya mahafali bila madaraja kamili. Kwa mwanafunzi anayesubiri cheti ili aajiriwe, huo wa tatu ndio mbaya kuliko yote, ingawa kwa nje chuo kinaonekana kimetulia.

Mgomo wa kuacha kazi haufungi chuo. Maktaba, mabweni, ofisi ya ada na mfumo wa masomo wa mtandaoni kwa kawaida huendelea. Kinachokosekana ni mtu wa kukufundisha na kukusahihishia. Mara ilani inapotoka, pakua kila kitu kilichoko kwenye mfumo: mpango wa kozi, slaidi, maswali ya mazoezi. Piga picha ya skrini ya alama zako zote za hadi siku hiyo pamoja na risiti za kazi ulizowasilisha. Mpango wa kozi una thamani kuliko unavyodhani, maana ndio unaoonyesha uzito wa kila zoezi kabla ya mgomo. Mihadhara ikirudi uzito huo mara nyingi hubadilishwa, na anayelalamika bila nakala hana pa kusimama.

Sasa hesabu, ambayo hakuna anayeifanya kwenye makundi. Chukua kozi ya saa 45, yaani saa 3 kwa wiki kwa wiki 15. Mgomo wa wiki 5 unakula saa 15. Chuo kikiongeza wiki 2 mwishoni, kimerudisha saa 6. Saa 9 zilizobaki zitafidiwa kwa kufuta wiki ya mapumziko, kwa vipindi vya Jumamosi, au kwa kukata mada. Zinazokatwa karibu kila mara ni za mwisho, ambazo kozi ya muhula unaofuata hujengwa juu yake. Alama zako zinaweza kutoka nzuri kabisa na bado ukaingia muhula mpya ukiwa na pengo. Muulize mhadhiri atakaporudi: mada zipi hazitafundishwa? Zisome mwenyewe.

Kwa uuguzi ongeza jambo jingine. Nadharia inaweza kubanwa, ila saa za wodini haziwezi. Kama mtaala unataka saa 120 na mgomo umekula 40, utazilipa zote 40, pengine wenzako wa fani nyingine wakiwa wameshafunga. Angalia ni nani anayekusimamia wodini. Akiwa ni mwajiriwa wa hospitali, mafunzo yanaweza kuendelea hata chuoni kukiwa na mgomo, na usipofika utahesabiwa mtoro. Akiwa mhadhiri wa chuo, yatasimama. Mwandikie mratibu wa mafunzo kwa vitendo leo, upate jibu la maandishi. Na usikate tiketi ya kwenda nyumbani: mgomo unaweza kusitishwa usiku na vipindi vikarudi ndani ya siku mbili tatu.

Sasa turudi kwenye kujiondoa. Kujiondoa ni uamuzi wako wewe, haijalishi wahadhiri wamefanya nini, na chuo kitakuhesabu hivyo. Kiasi cha ada kinachorudishwa hupungua kadiri wiki zinavyopita, na baada ya tarehe fulani huwa sifuri. Bodi ya mkopo inaweza kukuhesabu si mwanafunzi wa muda wote. Kanada, kwa mfano, mpaka ni asilimia 60 ya mzigo kamili wa masomo. Aliye na viza ya masomo anaweza kuiweka hatarini. Na kama kozi uliyoiacha hufundishwa mara moja kwa mwaka, umejichelewesha mwaka mzima kwa mgomo ambao huenda ungechukua wiki mbili.

Hata pale ada iliporudishwa, haikurudishwa kwa haraka ya namna hiyo. Vyuo hivyohivyo vya Ontario vilisimama wiki 5 mwaka 2017, kuanzia tarehe 16 Oktoba. Masomo yaliporejea ndipo wanafunzi walipopewa dirisha la wiki mbili la kujiondoa na kurudishiwa ada yote ya muhula, na zaidi ya 25,000 walilitumia. Waliobaki waliweza kuomba hadi dola 500 za Kanada kufidia gharama zilizosababishwa na mgomo, kama kodi ya nyumba ya ziada, malezi ya mtoto au tiketi iliyopotea. Kwa hiyo risiti zako ziweke tangu siku ya kwanza.

Huyo anayeuza “huduma” basi anauza nini? Fomu ya kujiondoa hutolewa bure na ofisi ya msajili na huijaza mwenyewe kwa dakika kumi. Hana njia ya siri ya kupata ada, kwa sababu fidia ya mgomo huamuliwa baada ya mgomo. Alichonacho ni namba zenu za usajili na, kama mmekuwa wazembe, nywila zenu. Ndugu zake wawili hujitokeza msimu huohuo: anayeahidi kukuhamishia chuo kingine “na kozi zako zote” (chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua zipi zinahesabika, kwa kutazama transkripti na mitaala), na anayekuandikia kazi za nyumbani kwa madai kwamba wakati wa mgomo hakuna anayekagua. Kazi hizo hukaguliwa wahadhiri wakirudi, tena zikiwa zimerundikana, na zilizofanana huonekana kirahisi zikisomwa siku moja.

Wenzako wanne wabadilishe nywila leo, kisha waende kwa msajili wakaulize kama kuna ombi lolote la kujiondoa lililoingizwa kwa majina yao. Likiwepo na halijaidhinishwa, waandike barua ya kulifuta hapohapo dirishani na kuondoka na nakala iliyogongwa muhuri.