Namna tulivyowashirikisha watu kupanga upya mtaa wetu wa maduka

Ndugu yetu aliyeuliza ameeleza kwamba ameingizwa kwenye kamati ya kupanga upya mtaa wa maduka katikati ya mji wake, naye anataka kujua jinsi ya kuwashirikisha wananchi ili mpango usiishie kwenye michoro. Niliuza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa miaka 9, kisha nikahamia mji wa mkoani ambako nilikaa kwenye kamati ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mkutano wetu wa kwanza uliitishwa ukumbini, Jumanne saa nne asubuhi. Saa hiyo ndipo wateja wa vijijini wanaposhuka kwenye mabasi, na hakuna mwenye fremu awezaye kufunga, sembuse mama lishe mwenye sufuria motoni. Walihudhuria wenye majengo, maofisa, na wachache wetu tulioacha vijana dukani. Mchoro uliobandikwa ukutani ulionyesha miti, mabenchi na taa, lakini haukuwa na mkokoteni hata mmoja, wala guta, wala mahali pa kanta kushushia mzigo. Mchoraji alikuwa mtu mwema na msikivu, ila hakuwahi kufika pale alfajiri.

Tuliomba kazi ianze upya, safari hii kwa kutembea mtaani mara tatu: alfajiri wakati wa kushusha mizigo, mchana, na saa mbili usiku. Hapo ndipo mambo yalipoanza kusemwa. Msukuma mkokoteni alituonyesha ukingo wa mtaro ambapo kila siku lazima aite watu wawili wamsaidie kuvuka. Akina mama wauza mboga, ambao ukumbini hakuna aliyewasikia, hawakutaja miti kabisa; walitaja choo, kwa kuwa cha karibu kilikuwa stendi, na kila aliyekwenda huko aliacha meza yake mikononi mwa jirani. Ninaamini kikao kingine cha ukumbini kisingetufikisha kwenye suala la choo, kwa sababu si jambo ambalo mwanamke mtu mzima atalisimamia mbele ya maofisa.

Kisha tukapiga mistari ya chokaa chini, tukaweka meza za wachuuzi kwa vipimo vilivyopendekezwa, tukaziacha kwa wiki moja. Mwenye duka la viatu aliyekuwa akidai wamachinga waondolewe wote aliona mlango wake uko wazi, na siku ya nne akakubali mwenyewe kwamba wanaosimama kwenye meza zile huishia kuingia dukani kwake. Chokaa hufutika, na kosa lake ni rahisi kusahihisha kuliko la zege. Nairobi nako, mwaka 2019, Luthuli Avenue, mtaa unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya umeme, ilifanywa kuwa ya njia moja ya magari na nafasi ya waenda kwa miguu ikapanuliwa. Mabadiliko ya aina hiyo yanafaa kujaribiwa kwanza kwa rangi na vitu vinavyohamishika.

Kwa upande wa pili kuna Machinga Complex ya Ilala, jengo la ghorofa lililojengwa mahususi kwa wachuuzi, ambalo vizimba vyake vingi vilibaki vitupu kwa miaka. Mchuuzi huishi kwa mpita njia, na mtu anayetoka kazini hapandi ngazi kutafuta soksi. Hilo angelijua yeyote aliyewahi kuuza barabarani, laiti angeulizwa mapema na jibu lake likafuatwa.

Kuna jambo tulilolisahau, na linaniuma hadi leo. Tulizungumzia taa, mitaro na choo, vyote vikapatikana, lakini hatukuzungumzia kodi. Mtaa ulipopendeza, wenye majengo walipandisha kodi, na mafundi cherehani wawili waliokuwa pale kabla yetu sote wakaondoka. Kwa hiyo kabla mchoro wowote haujafunguliwa mezani, omba kikao kifanyike jioni baada ya kufunga biashara, wapangaji waje wenyewe, na wenye majengo waseme mbele yao, kwa maandishi, kodi itakuwaje ujenzi utakapokamilika.